Kwa nini uraia wa matajiri wakubwa duniani unahama? Mjapani, Mmeksiko, Mfaransa, sasa Mmarekani tena

#1 Kijiwe Ngarenaro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi hapa Ngarenaro kulizuka ubishi hadi kahawa ikapoa vikombeni. Kijana mmoja muosha magari alishikilia kwamba tajiri namba moja duniani tangu enzi na enzi ni Mmarekani, na hilo halitabadilika. Nikamwambia kwamba jarida la Forbes la Marekani walipotoa orodha yao ya kwanza ya mabilionea wa dunia mwaka 1987, walikuwa watu 140 tu, na wawili wa juu kabisa walikuwa Wajapani. Yoshiaki Tsutsumi alikuwa na dola bilioni 20, mwenye reli na mahoteli ya Seibu. Taikichiro Mori alikuwa na bilioni 15, mwenye majengo ya kupangisha Tokyo, na kabla ya hapo alikuwa profesa wa uchumi.

Sogea hadi 2008. Kwenye kumi bora kuna Wahindi wanne: Lakshmi Mittal, ndugu wawili Mukesh na Anil Ambani, na K.P. Singh. Mrusi yumo, Oleg Deripaska. Wamarekani ni wawili tu, mwekezaji Warren Buffett na Bill Gates wa Microsoft. Halafu fungua ya 2025: kwenye kumi bora wanane ni Wamarekani, mmoja Mfaransa, mmoja Mhispania. Mjapani hayumo, Mhindi hayumo, Mrusi hayumo.

Ni miaka chini ya arobaini tu hiyo. Sasa naombeni mnisaidie, ni kitu gani hasa kinachohamisha? Wajapani walizembea? Wahindi walipungukiwa akili mwaka 2009? Sitaki jibu la "Mungu ndiye anayegawa", hilo sote tunalijua.

#2 Kijana wa Majengo

Mbona hii haihitaji uzi mrefu. Ni teknolojia. Mmarekani ndiye mwenye programu za kompyuta, mitandao, sasa na akili mnemba. Bill Gates alikaa namba moja tangu 1995 hadi 2017 bila kuguswa na mtu. Anayeuza kitu ambacho dunia nzima inakitumia ndiye anayekaa juu. Wengine wanapita tu.

#3 Mhasibu Njiro

Mkuu #2, kwa Gates hapo rekebisha. Alikaa mfululizo 1995 hadi 2007. Mwaka 2008 akapitwa na Buffett, 2009 akarudi, halafu 2010 hadi 2013 akakaa Carlos Slim wa Meksiko. Gates akashika tena 2014 hadi 2017. Na Slim hakuvumbua kitu chochote. Serikali ya Meksiko ilipobinafsisha kampuni ya simu ya Telmex mwaka 1990, yeye na washirika wake ndio walioichukua. Mwaka 2010 alimzidi Gates kwa nusu bilioni tu, 53.5 kwa 53.

Kwa swali la mleta uzi, mimi natazama sarafu kwanza. Orodha yote inahesabiwa kwa dola. Septemba 1985 nchi tano kubwa zilikaa hoteli ya Plaza, New York, zikakubaliana kuishusha dola. Wakati ule dola moja ilikuwa yeni kama 240. Mwisho wa 1987 ilikuwa kama 120. Jengo la Mori ni lilelile, wapangaji ni walewale, kodi wanalipa ileile kwa yeni, ila ukilihesabu kwa dola limekuwa mara mbili. Huyo mtu amepanda orodha akiwa amelala.

#4 Dereva wa Usa River

Mhasibu umenigusa. Sisi wa utalii hili tunaliishi. Mwaka 2024 dola ilipopita shilingi 2,700, mwenye kulipwa tip kwa dola alionekana bosi mtaani. Ilipoporomoka kuelekea mwisho wa mwaka, safari ni zilezile, mbuga ni zilezile, wageni walewale, lakini ada ya watoto ikawa shida. Sikuongeza kazi wala sikupunguza.

#5 Binti Olmoti

Mhasibu yuko sahihi nusu. Yeni peke yake haiwezi kumfikisha mtu bilioni 20. Ilikuwa ardhi. Japani ya miaka ile bei ya viwanja ilipaa mpaka ikawa inasemwa kwamba eneo la kasri la mfalme pale Tokyo lina thamani kuliko ardhi yote ya California. Tsutsumi na Mori wote wawili utajiri wao ulikuwa ardhi na majengo.

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Mama yangu ana shamba huku Olmoti. Habari za uwanja wa AFCON zilipoanza kuvuma, madalali wakaanza kupishana getini, kila mmoja na mteja wake ndani ya Prado. Bei waliyokuwa wanataja ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya miaka mitatu nyuma. Mama hakuuza. Anaendelea kupanda mahindi na maharage, mvua ikigoma anakula hasara kama kawaida. Lakini mtu akija na kalamu kumfanyia hesabu, mama ni tajiri. Sasa nyie niambieni, amefanya nini cha ziada? Barabara imepita, uwanja umekuja, wengine wamepandisha bei, basi.

#6 Kijana wa Majengo

Binti, muulize mama kama bado anauza kapande, nina mteja wa kweli.

#7 Binti Olmoti

Haya umeanza udalali humu. Rudi kwenye mada.

#8 Mzee Kihamba

Marahaba kwa vijana wote mnaoniamkia inbox. Mimi nipo Kibosho, nitaongea nilichokiona.

Julai 1975 baridi kali iliangukia kahawa ya Brazil, mibuni ikaungua mamilioni kwa mamilioni. Mpaka 1977 bei ya dunia ilikuwa imepanda kuliko tulivyowahi kuiona. Marehemu baba hakuongeza hata mche mmoja kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Mibuni ileile aliyoachiwa na babu, chini ya migomba ileile. Lakini mwaka huo tuliezeka bati nyumba nzima, na mimi nikaenda shule na viatu vya ngozi vilivyoninyima raha kwa sababu vilikuwa vinabana. Majirani wote waliokuwa na kahawa nyingi wakawa ndio watu wakubwa wa kijiji, wao ndio wanaokaa mbele kanisani.

Julai 1989 ule mkataba wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Wale wakubwa wakapotea kimyakimya. Waliokuja juu baada yao ni watu waliokuwa hawana hata mbuni mmoja, wenye vibanda vya mitumba pale Mbuyuni na wenye Fuso za kubeba mizigo.

Nikiona orodha yenu ya 1987 na ya 2008 naiona Kibosho. Mnatafuta sababu kwa tajiri mwenyewe wakati sababu iko Brazil.

#9 Ticha Soweto

Shikamoo mzee #8. Naheshimu, lakini bei siyo mwisho wa hadithi, kuna mkono wa serikali. Nifundishe kidogo historia ya hapahapa kwetu. Mashamba makubwa ya Arusha na Moshi yalikuwa ya Wajerumani. Wakashindwa vita ya kwanza, Waingereza wakayataifisha kama mali ya adui na kuyauza. Wagiriki na Wahindi wakanunua mengi. Ndiyo maana Arusha mpaka leo ina kanisa la Waorthodoksi wa Kigiriki. Baadaye likaja Azimio la Arusha mwaka 1967 na mkonge ukataifishwa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1973 mashamba ya kahawa ya walowezi hapa Kilimanjaro. Udongo haukuhama hata kidogo. Mwenye mali alibadilika zaidi ya mara moja ndani ya umri wa mtu mmoja, na kila mara kwa karatasi ya serikali.

Urusi ni hivyohivyo. Mwaka 1995 serikali ya Yeltsin ilikuwa haina pesa, ikakopa kwa mabenki ya watu binafsi na kuweka rehani hisa za makampuni ya mafuta na nikeli. Haikulipa, hisa zikabaki kwa wakopeshaji. Miaka michache mbele dunia ikasikia kuna mabilionea wa Kirusi. Kwenye orodha ya 2008 walifika 87. Hakuna aliyevumbua kitu pale.

#10 Mwanaapolo

Ticha umesahau kilichoko chini ya ardhi. Karatasi bila jiwe ni karatasi tu. Rockefeller ni mafuta, Getty ni mafuta, Warusi ni mafuta na nikeli na aluminiamu. Mimi nimekaa Mererani kwenye migodi ya tanzanite, najua mgodi ukitema kijana anaingia Arusha ananunua baa nzima usiku mmoja, na usipotema anarudi kula ugali wa kukopa na bosi wake. Juni 2020 Saniniu Laizer aliuza serikalini mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5.1, akapewa bilioni 7.74. Nchi nzima ikamwita bilionea. Jiwe ndilo lililoamua, na Mungu aliyeliweka.

#11 Mhasibu Njiro

Mwanaapolo, zile 7.74 ni za shilingi. Kwa dola ya wakati ule ni milioni 3.3 na kidogo. Ili Forbes wamwandike angehitaji karibu mara mia tatu ya hapo. Simpunguzii heshima yake, ni pesa ya kubadilisha ukoo. Lakini ona jinsi sarafu inavyokupa jina au kukunyima.

Halafu kama ni madini, Kongo ingejaa mabilionea wa Kikongo. Kopa, kobalti, almasi vyote viko. Wako wapi?

#12 Mwanaapolo

Kongo ni vita, bosi. Usinichanganyie.

#13 Ticha Soweto

#12 sasa umekuja upande wangu. Vita ni siasa.

#14 MamaParachichi

Habarini wanangu. Mimi nina swali jingine kabisa. Huu uraia mnaouhesabu ni upi? Elon Musk kazaliwa Pretoria, kapata uraia wa Kanada kupitia kwa mama yake, akachukua wa Marekani mwaka 2002. Sergey Brin wa Google kazaliwa Moscow. Jensen Huang wa Nvidia kazaliwa Taiwan. Mnasema "Marekani imerudi juu", lakini ukihesabu kwa kitovu kilipozikwa, kuna Mwafrika Kusini, kuna Mrusi, kuna Mtaiwani.

Hili kwangu siyo la mchezo. Kijana wangu wa pili yuko Kanada. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku akichukua pasipoti ya kule, ya hapa anairudisha. Akifanikiwa ataandikwa Mkanada, na mimi niliyeuza parachichi Kiboroloni kumlipia ada sitaonekana popote. Kuna mama huko Pretoria naye anaangalia hiyo orodha.

#15 Mangi wa Machame

Mama #14 umeongea kitu kizito. Naongezea. Uraia wenyewe matajiri wanauchagua. Ingvar Kamprad wa IKEA aliondoka Uswidi mwaka 1973 kwa sababu ya kodi, akaenda Denmark halafu Uswisi, akarudi kwao 2014 akiwa mzee sana. Eduardo Saverin wa Facebook aliukana uraia wa Marekani mwaka 2011 akabaki Singapore. Bernard Arnault, huyuhuyu Mfaransa aliyekuwa namba moja 2023 na 2024, mwaka 2012 aliomba uraia wa Ubelgiji, Wafaransa wakamshambulia, mwaka uliofuata akaondoa ombi. Angepewa, leo tungesema Mbelgiji alishika dunia.

Uswidi ilifuta kodi ya mirathi miaka ya 2000 na ile ya utajiri ikafuatia 2007. Sasa ukilinganisha na idadi ya watu, ina mabilionea wengi kuliko Marekani. Japani kodi ya mirathi ya juu ni asilimia 55. Familia ya Mori ya vizazi vitatu itabaki na nini? Mimi kura yangu ni kodi.

#16 Dereva wa Usa River

Wamachame mada ya pesa hamkosi hata moja.

#17 Mangi wa Machame

Tumezaliwa nayo, mdogo wangu. Marehemu Mengi ametoka huku, na Forbes 2014 walimkadiria dola milioni 560. Hakufika bilioni, ila alianzia kwenye kalamu za kuunganisha kwa mkono.

#18 Kijana wa Majengo

Bado hamjajibu kwa nini Wajapani hawakurudi. Yeni sawa, ardhi sawa, kodi sawa. Soko lao la hisa lilifika kilele tarehe 29 Desemba 1989, pointi 38,915, na lilikuja kuivuka rekodi hiyo Februari 2024. Miaka thelathini na nne! Katika muda huo Marekani imezaa Amazon, Google, Facebook, Nvidia. Tsutsumi mwenyewe alikamatwa 2005 kwa taarifa za uongo kuhusu wenye hisa wa kampuni yake ya reli. Nchi iliyobaki kuhesabu viwanja iliachwa na nchi iliyotengeneza kitu kipya. Ndicho nilichosema #2.

#19 Binti Olmoti

Hapo kidogo nakubali. Ila hata hao wa teknolojia, utajiri wao ni bei ya hisa, na bei ya hisa ni kama bei ya shamba la mama, inategemea mwingine yuko tayari kulipa nini. Mjapani Masayoshi Son wa kampuni ya uwekezaji ya SoftBank mwaka 2000 aligusa kilele cha dunia kwa siku chache, halafu bei za hisa za kampuni za mtandao zilipoporomoka akapoteza dola kama bilioni 70. Teknolojia ni ileile iliyompandisha.

Na Wahindi wa 2008? Mwanzoni mwa mwaka ule soko la Mumbai lilikuwa limepita pointi 21,000 na dola moja ilikuwa rupia kama 40. Kufika Oktoba soko likashuka chini ya 9,000 na rupia ikaelekea 50. Vipigo viwili kwa mpigo. Mabilionea wa India wakatoka 53 wakabaki 24 kwenye orodha iliyofuata, Warusi wakatoka 87 wakabaki 32. Anil Ambani aliyekuwa na bilioni 42, mwaka 2020 aliiambia mahakama ya London kwamba ukitoa madeni utajiri wake ni sifuri. Ndugu yake Mukesh bado ni wa juu India. Wamezaliwa nyumba moja, uraia mmoja. Hapo nadharia zenu zote za taifa zinayumba.

#20 Kijiwe Ngarenaro (mleta uzi)

Asanteni sana, huu uzi umekuwa darasa. #19 umenikosesha usingizi na hao ndugu wawili.

Kuna pembe moja hamjaigusa, na mimi ndiyo inayonikera zaidi: anayeandika orodha. Mwaka uleule 1987 jarida la Fortune lilimweka juu Sultani wa Brunei kwa dola bilioni 25. Forbes wao hawawapangi wafalme pamoja na wafanyabiashara. Majarida mawili, mwaka mmoja, uraia tofauti. Mwaka 1937 jarida la Time lilimweka kwenye jalada Nizamu wa Hyderabad, mtawala wa huko India, kama mtu tajiri kuliko wote duniani, huyo anayesemwa alitumia almasi kukandamizia karatasi. Kwa kanuni za leo huenda asingehesabiwa.

Saudia nayo. Mwishoni mwa 2017 wakubwa wengi walizuiliwa pale hoteli ya Ritz, Riyadh, wakatakiwa kukabidhi mali. Forbes wakawaondoa Wasaudi wote kwenye orodha ya 2018 kwa sababu haikujulikana nani amebaki na nini. Wakarudi 2025, watu 15. Mtoto wa shule akichora grafu ataona Wasaudi walifilisika miaka saba halafu wakafufuka. Walikuwepo muda wote! Inaniuma kwa sababu watu wanazitumia orodha hizi kuambia Waafrika kwamba hatujitumi.

#21 Ticha Soweto

Na China je? Miaka ya themanini hayupo hata mmoja wa bara. Mwaka 2021 ukijumlisha na Hong Kong walikuwa 698, Marekani 724, wamekaribiana kabisa. Mwaka 2025 China 516, Marekani 902. Xu Jiayin wa Evergrande, kampuni ya kujenga nyumba, mwaka 2017 alikuwa na bilioni 42.5, kampuni ikashindwa kulipa madeni 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Nyumba na ardhi tena, Binti Olmoti. Ila serikali yao ndiyo iliyobana mikopo ya wajenzi mwaka 2020, kwa hiyo naomba hiyo alama uniandikie mimi.

#22 Binti Olmoti

Tugawane nusu kwa nusu, ticha.

#23 Dereva wa Usa River

Wakuu, mmezunguka dunia nzima mmemruka Aliko Dangote, tajiri wa saruji wa Nigeria. Yeye mnamweka kwenye sababu ipi?

#24 Mhasibu Njiro

Sarafu. Mwaka 2014 alikuwa na dola bilioni 25, namba 23 duniani. Mwaka 2016 Nigeria ikaacha kuishikilia sarafu yake, naira, ikashuka, 2017 yeye akabaki na 12.2. Saruji ileile, viwanda vilevile. Mwaka 2023 naira ikaachiwa tena.

#25 Kijana wa Majengo

Lakini 2025 amerudi 23.9 na naira bado iko chini! Kilichomrudisha ni kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Lekki, mapipa 650,000 kwa siku, kilichoanza uzalishaji Januari 2024 na Forbes wakakiingiza kwenye hesabu. Amejenga kitu. #2 yangu ipo palepale.

#26 Mhasibu Njiro

Naira ingebaki ya 2014 na kiwanda kikawepo, leo angekuwa wapi? Nipigie hiyo hesabu kwanza, ndipo tuongee.

#27 Mzee Kihamba

Na pipa la mafuta lingekuwa bei gani siku hiyo? Hesabuni na hilo.